Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Kusini Unguja: Mivinje ya Ufukweni Isikatwe Yote kwa Mara Moja

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Assalaam aleikum. Kwa heshima nakuandikia kuhusu ombi la mwekezaji mmoja, ambaye sitamtaja, la kukata mivinje yote iliyo mbele ya kiwanja chake kijijini kwetu na kung'oa visiki kwa kijiko, yaani mtambo wa kuchimbia, ili ufukwe ubaki wazi mpaka majini. Sidai kwamba hata mti mmoja usiguswe. Ninachoomba ni kwamba kibali, kama kitatolewa, kisiruhusu miti hiyo ikatwe yote kwa pamoja, na kikataze kabisa visiki kung'olewa.

Sababu alizozitoa si za kubezwa. Mvinje hufika mita 30, na mizizi ya ule ulioota juu ya mchanga hutambaa zaidi kuliko inavyoshuka, hivyo mawimbi yakishaula mchanga wa upande mmoja mti huinamia bahari, na siku ya upepo mkali huanguka. Anayetaka kulaza watu chini yake ana haki ya kuogopa. Ni kweli pia kwamba vile vijiti vyake vyembamba, vinavyowafanya wageni wengi waudhani msonobari ingawa hauna udugu nao, hudondoka na kutandaa kiasi cha kuzuia mimea mingine isiote. Huko Florida, nchini Marekani, mvinje umehesabiwa kuwa mti vamizi, na lawama mojawapo ni kwamba unaisukuma nje mimea ya asili inayoshika mchanga vizuri zaidi. Ama hoja ya kwamba miti inaziba mandhari ya bahari, hiyo naipita, kwa kuwa miti ilikuwepo siku alipokuja kukikagua kiwanja.

Tatizo letu ni kitakachofuata baada ya msumeno. Pwani yetu inaelekea mashariki, na wakati wa kusi mawimbi hutujia uso kwa uso, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Kuna kiwanja kingine jirani ambacho mivinje yake ilikatwa na visiki vikang'olewa. Msimu wa kusi uliofuata, maji yaliingia kwenye mashimo ya visiki, yakayaunganisha, na ukingo wa mchanga ukaporomoka kipande kwa kipande. Mwenye kiwanja alijenga ukuta wa mawe akasalimika. Mawimbi yaliyogonga ukuta ule yaligeukia diko letu: sehemu tuliyokuwa tukipandishia ngalawa leo imebaki mwamba mtupu, na akina mama wanaoanika mwani wamelazimika kuhamisha vichanja vyao hadi kando ya barabara, ambako mwani huingia vumbi na wanunuzi huutilia kasoro. Hasara ya kukata miti ya ufukweni, Mheshimiwa, aghalabu haimwangukii aliyeikata, na kwa hiyo haitoshi kumuuliza mwenye kiwanja peke yake kama yuko tayari kuibeba.

Kisiki kikiachwa ardhini, mambo huwa tofauti. Mvinje ukikatwa hauchipui vizuri kama miti mingine, lakini mizizi yake haiozi siku hiyohiyo. Hubaki imeukamata mchanga kwa muda, na muda huo ndio wa kupanda mikadi na majani yatambaayo ya pwani, ili yawe yameshika kabla ya mizizi ya zamani kulegea. Kazi hiyo yataka subira, kwa sababu ni miti michache inayokua haraka kama mvinje penye chumvi na mchanga usio na rutuba. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, kilipoanza kazi ya kuotesha miti katika machimbo yake ya mawe mwaka 1971, mvinje ulikuwa miongoni mwa michache iliyokubali kuishi pale, ukisaidiwa na vijidudu vya kwenye mizizi yake vinavyoupatia naitrojeni. Si mti wa kuuondoa leo ukatarajia mrithi wake kesho.

Lipo na jambo la wavuvi, ambalo sidhani kama limeandikwa katika ombi lile. Miwili kati ya mivinje hiyo, ule mrefu wa kaskazini na ule wenye vichwa viwili, ni alama. Nahodha anayerudi jioni huipanga ile miwili na mnara wa msikiti, na ikikaa mstari mmoja anajua yuko mbele ya mlango wa mwamba. Vijana wenye simu watasema wana ramani, lakini simu iliyolowa maji ya chumvi haimwongozi mtu.

Sheria ya misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya 1996, ipo, na sina haja ya kukusomea unachokijua. Nakumbusha tu kwamba kwetu ardhi huweza kuwa mikononi mwa mmoja na miti ikawa ya mwengine, na baadhi ya mivinje ile ilipandwa na wazee ambao warithi wao wapo hai kijijini. Mkataba wa kukodi kiwanja haujibu suala la nani aliyeipanda, na warithi hao hawajaulizwa.

Nakuomba basi uagize wataalamu wa misitu wapite mti kwa mti na kuitia rangi ile iliyoinama au kuoza, hiyo ikatwe kwanza, nje ya msimu wa kusi, visiki viachwe, na mivinje mingine ingoje mpaka mikadi iwe imeshika. Alama mbili za wavuvi zibaki. Kabla hujatia saini, tafadhali fika wewe mwenyewe siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, pamoja na sheha, wavuvi na mwombaji, uanzie kwenye kile kiwanja cha jirani.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa pwani ya mashariki, Wilaya ya Kusini Unguja