Unga wa majani kwa mifugo, msisifie tu

Mhariri, hizi habari za kuchanganya unga wa majani kwenye chakula cha mifugo ili izae vizuri mnaziandika sana, ila mnasifia mno, ni mlonge, tangawizi, kitunguu saumu, halafu mwishoni lile neno "ni asili haina madhara". Nani kasema? Gosipoli, sumu iliyomo kwenye mbegu za pamba, ni asili kabisa na inaharibu mbegu za dume. Tumbo la ng'ombe mkubwa linaipunguza makali, lakini nguruwe na ndama ambaye hajaanza kucheua hawana kinga hiyo. Sasa unakuta mtu ana dume la kupandisha, analilisha mashudu ya pamba (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) kila siku bila kipimo, likianza kushindwa kutia mimba anakimbilia kununua unga wa kuongeza nguvu, si angeanza kupunguza mashudu jamani!

Na majike nao wamo. Kule Australia Magharibi miaka ya 1940 kondoo waliolishwa malisho ya klova, jani la jamii ya kunde, walikosa mimba kwa wingi, wengine kizazi kikatoka nje, kumbe lile jani lina kitu ambacho tumboni kinageuka kuwa ekwoli, na ekwoli inafanya kazi kama estrojeni, homoni ya kike, mwili unadanganyika. Wengine hawakushika mimba tena hata baada ya kutolewa kwenye klova. Lusina, ule mti wa malisho, nayo tunaipenda kwa protini, lakini ina sumu iitwayo mimosini, ikizidi inavuruga tezi ya shingo na uzazi unayumba.

Sisemi mlonge na tangawizi ni uongo. Mbegu za dume zina mafuta yanayoharibika upesi na mimea hiyo ina vitu vinavyozuia uharibifu huo, kwa hiyo hoja ipo. Ila mbegu ya dume la ng'ombe inachukua kama miezi 2 kutengenezwa, mtu anayetoa ushuhuda wa wiki moja mnamchapisha wa nini? Na jike lenye njaa au lisilopata madini halitashika mimba hata ulimwagie gunia zima la unga.

Mkiandika tena tuambieni ni mnyama gani, jike au dume, gramu ngapi kwa kilo ya chakula, kwa muda gani, na kama ana mimba apewe au asipewe. Bila hivyo mnawapigia debe wauza unga.

Msomaji wenu, mfugaji