Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Gogo Likianguka, Banda Liwe Tayari

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu wanachama, mafundi wazee wetu, na vijana mlioingia chamani mwaka huu,

Nasimama mbele yenu kutoa taarifa ya mwaka 2024 ya chama chetu cha mafundi wa mbao hapa Lamu. Mambo ya fedha mweka hazina atayasoma kwa kirefu baada yangu, nami sitayagusa, ila niseme tu kwamba chama hakidaiwi na mtu. Muda wangu wote nataka kuutumia kwa mbao, kwa kuwa mwaka huu mbao ndizo zilizotupa heshima, na ndizo zilizotuumiza.

Mnakumbuka masika yalivyokuja. Nchi nzima ilinyeshewa, na huku kwetu ardhi ya bara ililowa hata miembe ya tangu enzi za wazee ikalala chini na mizizi yake. Simu zikaanza kuingia kutoka Hindi na Mokowe: njooni mlichukue gogo kabla halijafanywa makaa. Katika wiki chache tulipokea magogo 14: tisa ya mwembe, matatu ya mwarobaini, moja la mkwaju na moja la mvinje lililookotwa ufuoni, mbali na minazi ambayo nitaieleza mbele. Hakuna hata mti mmoja tulioukata ukiwa wima. Mimi nilifurahi kuliko wote, na ile furaha ndiyo iliyonisahaulisha swali la kwanza: mbao hizi tutazianika wapi?

Maana gogo likishaanguka, saa yake imeanza kuhesabika. Ncha mbili za gogo hutoa maji upesi kuliko ubavu, kwa hiyo nyufa huanzia pale na kuingia ndani kila siku inayopita. Chini ya gome dumuzi, yaani mdudu anayetoboa mbao, hutaga mayai. Mwembe ndio mwepesi kuharibika kuliko yote. Sehemu ile nyeupe iliyo chini ya gome ikikaa katika joto na unyevu siku chache tu, imekwisha kushika ukungu wa bluu. Magogo manne tuliyaacha wiki mbili na magome yake, mvua ikiyapiga, tukingoja fundi wa msumeno wa injini apate nafasi. Tulipoyapasua, tulikuta bluu imetambaa ndani kama wino uliomwagika kwenye karatasi. Ukungu huo hauupunguzii ubao nguvu kwa kiasi cha kutisha, na wapo wateja wanaoupenda kwa rangi yake, lakini sisi hatukuutaka, nao ulishusha bei. Katika magogo mawili tulikuta pia mbao zimeanza kubunguliwa.

Yale matano mengine ya mwembe tuliyashughulikia inavyotakiwa. Siku ileile yalipofika, vijana walipaka ncha zote rangi nzito ya mafuta, mara mbili, wakaambua magome, wakayainua juu ya vipande vya boriti yasiguse udongo. Yakapasuliwa ndani ya siku tano. Mbao zikiwa bado zinatoka maji tulizipaka maji ya boraksi na asidi ya boriki, dawa ambayo hupenya vizuri zaidi ubao ukiwa mbichi, halafu tukazikinga na mvua ili dawa isioshwe. Mbao hizo leo hazina tundu hata moja la dumuzi. Nendeni mkazitazame wenyewe baada ya mkutano.

Msumeno nao ulitupa somo. Mwembe mmoja ulitoka uani kwa mtu, na miti ya uani imebeba mengi: misumari ya kamba za nguo, ya taa, ya kufungia mbuzi. Mnyororo uligonga msumari uliozama zaidi ya inchi tatu, meno yakang'oka. Tangu siku ile mpasuaji akiona weusi wa kibluu kwenye uso wa ubao anasimama, kwani ndivyo chuma kinavyouchafua mti kikiwa ndani. Gogo la mvinje la ufuoni lilikuja na balaa la pili. Mchanga uliojaa kwenye nyufa ulilaza meno ya msumeno kabla hatujafika nusu, na chumvi iliyoingia mtini haitoki kwa kuanikwa. Ubao wenye chumvi huvuta unyevu wa hewa kila siku na huozesha skrubu. Pia mvinje ni mgumu, mzito, na hupinda sana unapokauka. Nimeamua, na kamati imekubali, kwamba mvinje wa ufuoni hatuupokei tena kwa mbao. Mikoko vilevile hatuipokei hata ikiwa imeanguka yenyewe.

Sasa nije kwenye rundo, kwa sababu hapo ndipo kazi yetu ilipo.

Rundo la kwanza tulilipanga kwa haraka nyuma ya karakana. Tuliweka vijiti vya kutenganishia vya unene tofauti, vingine mabaki mabichi, tukavipanga popote mkono ulipoangukia. Juu tukafunika kwa turubai ya nailoni mpaka chini, tukidhani tunaikinga mvua. Baada ya wiki tatu tulifunua. Harufu ilitoka kwanza, halafu tukaona nywele nyeupe za ukungu kila mahali kijiti kibichi kilipougusa ubao. Mbao za chini zilikuwa zimejikunja kufuata vijiti, kila moja na wimbi lake. Turubai ilikuwa imefungia ndani mvuke wote.

Rundo la pili tulilipanga chini ya usimamizi wa mzee wetu mmoja wa Matondoni, aliyejenga majahazi maisha yake yote. Mtaniwia radhi nikilieleza kwa urefu, maana vijana wengi hawakuwepo. Kwanza alitaka msingi. Tulijenga nguzo fupi za mawe, zenye kimo cha mkono kutoka kiwiko hadi vidole, tukalaza boriti juu yake, na hakuridhika mpaka tulipopima usawa kwa mpira wa maji kutoka pembe hadi pembe. Alisema ubao hauna uti wa mgongo unapokuwa mbichi. Ukilazwa pamepinda utakauka umepinda, na ukishakauka hivyo hakuna randa itakayoutibu. Kisha vijiti: vyote inchi moja kwa inchi moja, vya mti mkavu, vimerandwa unene mmoja. Kila futi mbili kijiti, na kwa mbao nyembamba za mwembe kila futi moja na nusu. Kijiti cha juu kilale wima juu ya kijiti cha chini, kuanzia boriti mpaka kileleni, ili uzito ushuke moja kwa moja. Kijiti cha mwisho kikae kwenye ncha kabisa ya ubao. Juu ya yote tukaweka mawe mazito, kwa sababu mbao za safu za juu hazina wa kuzikandamiza.

Paa lilikuwa la makuti, limetokeza nje futi tatu kila upande, na ubavu wazi. Rundo tulilielekeza upepo upite katikati ya safu, toka ubavu hadi ubavu. Kusi ilipovuma kwa nguvu, ilibeba unyevu, na mbao zikakauka polepole bila kupasuka. Hofu ni kaskazi, kuanzia Desemba, hewa inapokuwa kavu zaidi na jua kali. Uso wa ubao hukauka na kutaka kurudi, yaani kusinyaa, huku tumbo lake bado limejaa maji, na hapo ndipo ubao hupasuka. Wiki za mwanzo za kaskazi tulitundika mikeka ya makuti upande wa upepo kila adhuhuri, tukaiondoa magharibi. Kazi hiyo ilifanywa na vijana wawili bila malipo, nami nawashukuru mbele ya wote. Tulizungushia uzio pia, baada ya punda kujikuna kwenye rundo na kuvitoa vijiti mahali pake.

Tunajuaje ubao umekauka? Zamani tulinusa, tukagonga, tukausikiliza. Mimi bado nagonga. Lakini mwaka huu tulipima, na kila mwanachama anaweza kupima nyumbani. Tulikata kipande kidogo katikati ya ubao mmoja wa mfano, tukakipima kwenye mizani ya dukani: gramu 310. Tukakiweka kwenye jiko la umeme la kuokea, joto la digrii 103, tukakitoa na kukipima tena na tena mpaka uzito ukakoma kushuka: gramu 200. Maji yaliyotoka ni gramu 110, nazo ukizigawa kwa uzito mkavu unapata asilimia 55 ya maji. Ubao wenyewe wa mfano ulikuwa kilo 9.3, kwa hiyo, ukigawa kwa 1.55, uzito wake mkavu ni kilo 6. Tangu hapo hatukuukata tena. Kila Ijumaa asubuhi tuliuchomoa, tukaupima, tukaurudisha mahali pake. Ulipofika kilo 6.9, tulijua umebaki na asilimia 15.

Mbona 15 na si chini ya hapo? Kwa sababu tunaishi baharini. Hewa yetu ina unyevu, na ubao ukiwa nje chini ya paa hutulia kwenye asilimia 14 hadi 16, hata ukiuacha miaka. Mkisoma kwamba mbao za fanicha ziwe asilimia 8, jueni hizo ni za nyumba za nchi za baridi zenye moto ndani. Lakini kama kazi inakwenda kwenye chumba cha kiyoyozi au inapelekwa Nairobi, ubao utaendelea kurudi huko. Uachieni nafasi kwenye fremu. Atakayenunua kipima unyevu cha sindano asikitumie kwa mbao za majahazi ya zamani, kwani chumvi hukifanya kisome maji ambayo hayapo.

Sasa jambo ambalo limenikosesha usingizi.

Mwezi Juni mwanachama mmoja alikuja kwangu na kazi ya mlango wa nyumba mtaa wa Langoni. Mwenye nyumba alikuwa na haraka ya harusi. Mbao pekee zilizokuwepo ni za mwembe za rundo la kwanza, na maji yake yalikuwa kama asilimia 25. Ufunguo wa banda uko kwangu. Nilimpa. Mti huanza kurudi maji yakishashuka chini ya asilimia 30 hivi, na hurudi kwa upana, si kwa urefu. Ubao uliopasuliwa bapa hurudi karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea moyo wa gogo. Nayajua haya tangu nikiwa kijana wa kushika ncha ya pili ya msumeno. Kaskazi ilipoingia niliitwa nyumbani kwa yule mteja. Mbao za upana wa inchi 12 zilikuwa zimerudi kuwa inchi 11 na robo tatu. Baina ya ubao na ubao unaona taa ya barabarani. Mfaa, yaani mti wa katikati ya mlango, ulikuwa umepinda, na kila mlango unapofungwa ulikwaruza bawa la pili. Bibi wa nyumba hakunipandishia sauti. Alipitisha kidole chake kwenye ufa, akanitazama, akasema, "Fundi, mlango huu ndio watu walioupita siku ya arusi."

Mlango mpya nimeufanya mwenyewe, kwa mbao za rundo la pili, na gharama nimeitoa mfukoni kwangu, si ya chama. Yule mwanachama hana lawama. Aliyefungua banda ni mimi.

Kutokana na hilo kamati imepitisha mambo ambayo nawaomba leo myaridhie. Gogo halipokewi kabla ya msingi, paa na vijiti vya kulitosha kuwa tayari. Likija mapema, tulisaidie kwenda kwa fundi mwingine mwenye nafasi. Kila rundo liwe na kibao cha tarehe ya kupasuliwa, aina ya mti na uzito wa ubao wa mfano kila wiki. Na ufunguo wa banda uwe kwa watu wawili, kila mmoja na kufuli yake, ili asiwepo mwenyekiti wa kuonewa haya, mimi au atakayenifuata.

Minazi niliahidi kuieleza. Mashina matano tuliyapata kwa minazi iliyozeeka. Mnazi hauna moyo mgumu kama mti mwingine. Ugumu wake uko nje, katikati ni laini na umejaa maji. Tulipasua kuzunguka, tukachukua mbao za nje pekee, na za katikati tukazitenga kwa vibanda vya kuku. Za nje ni nzuri mno, na zinalaza meno ya msumeno. Zianikwe rundo lake peke yake.

Kwa upande wa vibali, hakuna mbao iliyovuka maji kutoka Mokowe bila kibali cha usafirishaji cha KFS, yaani Huduma ya Misitu Kenya, hata ikiwa mti umeanguka shambani mwa mtu. Nasisitiza iendelee hivyo. Mashua moja ikikamatwa, jina la chama chote limekwenda.

Rundo la pili litafunguliwa Jumamosi baada ya mkutano huu, saa mbili asubuhi. Mbao za mwarobaini na mwembe zitagawanywa kwa orodha aliyonayo katibu. Mkwaju hautaguswa, ni wa inchi tatu, umepimwa wiki iliyopita na bado una asilimia 28. Kila atakayekuja kuchukua mbao aje na vijiti vyake 20 vya inchi moja, vikavu, vilivyorandwa, kwa ajili ya rundo la masika yanayokuja.

Wabillahi tawfiq.

Mwenyekiti,
Lamu