Asilimia ichapishwe pamoja na swali lake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuseme jambo kuhusu namna magazeti yetu ya Kiswahili yanavyoripoti tafiti za maoni kutoka Ulaya, hasa zile za wahamiaji. Habari hizi hutufikia kupitia mashirika ya habari zikiwa zimeshapunguzwa, na msomaji anabaki na kichwa cha habari na asilimia tu. Swali walilosomewa wahojiwa halimo. Asilimia isiyo na swali lake ni jibu ambalo hatujui liliulizwa nini.

Chukua Utafiti wa Jamii wa Ulaya, unaofahamika kwa kifupi kama ESS. Tangu 2002 vyuo na taasisi za nchi zaidi ya 30 zimeshiriki kwa nyakati mbalimbali, na kila baada ya miaka miwili zinahoji watu kwa dodoso moja. Kuhusu wahamiaji, swali mojawapo linauliza nchi iruhusu watu wangapi kutoka nchi maskini za nje ya Ulaya, yaani sisi, waje kuishi huko. Majibu ni manne: wengi, kiasi, wachache, au asije hata mmoja. Sasa mwandishi akijumlisha "wachache" na "asije hata mmoja" anapata namba nene, kisha anaandika kwamba Wazungu wanawakataa wahamiaji. Lakini aliyejibu "wachache" amekubali mlango ufunguliwe, ingawa kidogo. Kumweka fungu moja na aliyeufunga kabisa ni kumsemea asichosema. Isitoshe, swali hilo lina ndugu zake wawili, moja la wageni wa asili moja na wenyeji na jingine la wageni wa asili tofauti. Majibu ya yote matatu hayalingani, kwa hiyo lazima isemwe ni lipi linalonukuliwa.

Tafsiri nayo ina mambo. ESS inataka dodoso litafsiriwe kwa kila lugha ambayo ni lugha ya kwanza ya angalau asilimia 5 ya wakazi wa nchi. Watafsiri wawili hufanya kazi kila mmoja peke yake, kisha hukaa na mhakiki na kulinganisha neno kwa neno. Anakuwepo mtu mwenye kauli ya mwisho, dodoso linajaribiwa kwa watu wachache, na sababu za kila uamuzi zinaandikwa. Wapo wanaoona hizi ni mbwembwe za wasomi. Basi watazame swali la kuaminiana, lenye vipimo kuanzia 0 hadi 10. Kwenye 10 mhojiwa anasema watu wengi wanaweza kuaminiwa. Kwenye 0 kuna msemo wa Kiingereza ambao mtafsiri mwenye haraka ataugeuza kuwa "huwezi kuwa mwangalifu kupita kiasi". Msomee mama wa Kiswahili sentensi hiyo akiwa anachambua mchele, uone. Ataelewa kwamba anaambiwa asijihadhari sana, wakati iliyokusudiwa ni kinyume chake: ukiwa na watu, hata ujihadhari vipi, hujazidisha. Kwa kosa hilo moja, ncha zote mbili za kipimo zinasema watu ni wema, na nchi nzima inatoka kwenye jedwali ikionekana ina imani ya ajabu. Hata ile ncha ya 10 ina mtego wake. "Watu wengi ni waaminifu" inauliza tabia yao. "Watu wengi wanaweza kuaminiwa" inauliza kama wewe uko tayari kuwapa imani yako.

Tuje kwenye uteuzi wa wahojiwa. ESS inawahusu wakazi wa kaya wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, na bahati nasibu hutumika katika kila hatua. Hakuna kujaza mafungu, mathalani wanaume kadhaa na vijana kadhaa, kwa kuokota anayepatikana njiani. Hakuna pia kumbadilisha aliyeteuliwa kwa mtu mwingine. Katika mahojiano ya ana kwa ana, mdadisi asipomkuta mhojiwa hurudi, angalau mara nne kwa jumla, na kati ya hizo mojawapo iwe jioni na nyingine mwishoni mwa wiki. Sababu ni rahisi. Anayekutwa nyumbani saa nne asubuhi mara nyingi ni mzee, asiye na ajira au mwenye mtoto mchanga. Ukimruka jirani aliye kazini na kumhoji huyu, mwisho wa mwezi una utafiti wa watu wanaoshinda nyumbani.

Kuna pia suala la uzito. Nyumba yenye mtu mzima mmoja ikichaguliwa, huyo atahojiwa kwa hakika. Nyumba yenye watu wazima wanne, kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne. Jibu la huyu wa pili hupewa uzito mkubwa zaidi wakati wa kukokotoa, la sivyo wanaoishi peke yao watasikika kuliko idadi yao. Vivyo hivyo kwa nchi: Ujerumani ina watu zaidi ya milioni 80, Iceland haifiki laki nne. Anayechukua wastani wa nchi hizo bila uzito na kuuita "maoni ya Ulaya" amekosea tangu mwanzo.

Utafiti huu una udhaifu wake. Katika mahojiano ya ana kwa ana, lengo limekuwa kuwapata asilimia 70 ya walioteuliwa, na nchi nyingi hazifiki. Ujerumani imewahi kushuka chini ya theluthi moja. ESS huchapisha kiwango hicho bila kuficha. Tunaomba magazeti nayo yakitaje.

Hapa kwetu Afrika, Afrobarometer, mtandao unaofanya tafiti za maoni, huhoji watu 1,200 au 2,400 kwa nchi, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo. Kwa watu 1,200, kosa linalotarajiwa ni kama pointi 3 juu au chini, hivyo asilimia 48 na 50 hazitoshi kumtangaza mshindi. Yenyewe huanzia umri wa miaka 18, si 15, na hilo litajwe kabla ya kuweka namba zake kando ya zile za Ulaya.

Ombi letu, Mhariri, ni kisanduku kidogo chini ya kila habari ya aina hii: swali zima na majibu yake yote, tarehe za mahojiano, idadi ya waliohojiwa na walivyoteuliwa, na kiwango cha waliokubali. Hakigharimu kitu. Data za ESS zinatunzwa Bergen, Norway, na hutolewa bure kwa matumizi yasiyo ya biashara kwa anayejisajili. Madodoso ya kila nchi yapo pamoja nazo, katika lugha yaliyosomwa, kwa hiyo mwandishi wa dawati la kimataifa anayepokea habari asubuhi anaweza kulisoma swali lenyewe kabla ukurasa haujafungwa.

Wasomaji wako tunaofanya kazi za tafiti za kaya,
Morogoro