Mhariri, kijiko si dawa ya kifafa

Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu tangu likiuzwa shilingi 200 na sijawahi kuwaandikia. Ile habari yenu ya Jumanne, ya kijana "aliyepandwa na mashetani" stendi akaokolewa na wasamaria wema, imenishinda kuinyamazia. Najua mnaikumbuka maana mliiwekea na picha: mtoto wa watu kalala chini, suruali imelowa, uso wazi kabisa. Na aliyemwagiwa sifa ni mama ntilie aliyekimbia na kijiko akamchomeka mdomoni "asimeze ulimi".

Ulimi haumezwi. Aliyeanguka kifafa pengine atajing'ata, na kidonda cha ulimi hupona. Jino lililovunjwa na kijiko halioti tena, na kipande chake kikiingia kwenye njia ya hewa mtampongeza nani?

Nina binti, fundi cherehani, anaanguka tangu akiwa darasa la nne. Mwaka jana tulikuwa kwenye daladala tunarudi Kihonda, ikamshika. Nikapaza sauti: jamani, mwanangu ana kifafa, nipisheni nimlaze ubavu, itaisha yenyewe. Nani anisikilize! Gari likasimama, watu wakatoka hadi kupitia madirishani, eti povu linaambukiza. Haliambukizi, lakini afadhali hao waliokimbia. Waliobaki ndio walionimaliza. Mmoja kamkalia miguu asirushe, mwingine anawasha njiti za kiberiti na kumpitishia puani, baba mtu mzima kavua kiatu anamnusisha, na kijana mmoja kachukua bisibisi ya dereva akalazimisha mpini wake katikati ya meno huku akinifokea, "Mama, unataka afe?" Jino la mbele likakatika, likadondoka chini ya siti. Binti alipozinduka, hajui yuko wapi, kajikojolea, damu inamtoka mdomoni, kitu cha kwanza kukiona ni simu inayomrekodi. Na konda, baada ya yote hayo, akanidai hela ya kuoshea siti. Nikampa, maana nilikuwa na mgonjwa wa kufikisha nyumbani.

Mwandishi wenu angejisumbua kupanda basi hadi Mahenge, mkoa wetu huu huu wa Morogoro, angeona aibu. Dk. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianza kuwatibu watu wa kifafa kule mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta wametengwa na ndugu zao, wana makovu ya kuangukia motoni, akawapa fenobabito, dawa ya kuzuia kuanguka, na wengi wakapata nafuu. Hiyo ni zaidi ya miaka 60 iliyopita, na nyinyi leo mnaandika mashetani! Watafiti wamekihusisha kifafa cha kule na usubi, ugonjwa uletwao na inzi weusi wa mitoni, ule ambao watu hugawiwa kingatiba. Kwingine ni mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyofika kwenye ubongo. Kwingine ni kichwa kilichopigwa chini kwenye ajali ya bodaboda, malaria kali ya utotoni, au mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa. Wapo pia ambao chanzo hakijulikani, wangu mmojawapo, na bado dawa humsaidia.

Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yanayofaa. Wakipata. Dirisha la dawa ninalokwenda mimi kila mara jibu ni lile lile: "Imeisha mama, kanunue nje." Huko nje ni duka lililojaa dawa za nguvu za kiume kuanzia sakafuni hadi darini, ila fenobabito mpaka waagize. Na dawa hii hairukwi. Ukiikatisha ghafla mgonjwa anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka, na hapo ndipo watu hufa. Lakini mbadala si mnao? Ukurasa wa 14 wa toleo lile lile: mganga anatibu kifafa, anarudisha mume, anashindisha kesi, na namba yake ya simu chini. Hivi yule hulipia tangazo kwa mwezi au kwa kila toleo? Nauliza kwa sababu ile habari ya mashetani naona mmemwongezea ya bure.

Sisi nyumbani tumekata miguu ya kitanda cha binti, mlango wa bafu tumeung'oa komeo, na jiko la mkaa hawashi akiwa peke yake. Tumefundishwa hayo na nesi, si na mganga wa ukurasa wa 14.

Pendekezo langu. Daladala zina nafasi ya misemo kila mahali, hata kwenye tenki la mafuta. Basi nyuma ya siti ya dereva, kila gari, ibandikwe karatasi ya njano: MLAZE UBAVU. TAZAMA SAA. USIMTIE KITU MDOMONI. ZIKIPITA DAKIKA 5, AU IKIRUDI KABLA HAJAZINDUKA, HOSPITALI. Gharama ya kuchapa itoke kwenye hela ya mganga. Yule mama ntilie naye mrudishieni kijiko chake akapakulie wali.

Mama mzazi,
Kihonda, Morogoro