Anti, shemeji aliniita fundi redio

Anti, salamu. Ningekuamkia ila sijui umri wako, na mimi nina miaka 44, kwa hiyo tuliache hapo. Ni saa tisa kasoro usiku. Mama watoto amelala, mimi niko sebuleni naandika kwa simu. Usingizi umenikataa tangu Jumamosi.

Aliniita fundi redio. Mbele ya baba mkwe, mbele ya wazee wa jumuiya, mbele ya wanangu.

Nieleze ilivyokuwa, maana najua utadhani mimi ni mtu wa kununanuna. Ilikuwa kipaimara cha mtoto wa shemeji, ukumbini huku Ukonga. Chakula hakijaanza kupakuliwa, spika zikaanza kuunguruma. Mmmmm. DJ anapandisha, anashusha, anagonga maiki, wapi. Mimi nimekaa meza ya tatu, nasikiliza tu. Umeme wa TANESCO ni mizunguko 50 kwa sekunde, ukivuja kwenye sauti unaunguruma mzito, chini chini. Wa kwenye ndege ni 400, maana kwa mizunguko hiyo transfoma na mota zinatengenezwa ndogo na nyepesi, na huo ukivuja kwenye hedifoni za rubani unalia juu kama mbu. Miaka 21 nikiwa fundi wa ndege za jeshi nimemsikiliza yule mbu. Kwa hiyo huu wa ukumbini niliujua kabla sijainuka kwenye kiti: ethi, ule waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini. Nikavua koti, nikapiga magoti nyuma ya meza ya DJ, nikachomoa plagi ya mikisa, ile mashine yake ya kuchanganya sauti, nikaifungua kwa ncha ya kisu kwa sababu bisibisi hawana. Waya wa kijani na njano umechomoka, unaning'inia. Nikaurudisha, nikakaza, nikachomeka. Kimya. Watu wakapiga makofi na mimi, nisikufiche, moyo ulijaa. Tangu nistaafu sijapigiwa makofi na mtu.

Ndipo shemeji akachukua maiki. "Jamani, shangwe kwa fundi redio wetu! Mjeda mzima, kumbe fundi redio!"

Ukumbi ukacheka. Mke wangu naye akacheka. Aliziba mdomo kwa mtandio, lakini mabega yalikuwa yanatikisika, niliyaona.

Mimi sina dharau na fundi redio, Anti, usinielewe vibaya. Mjomba wangu alikuwa fundi redio Manzese, ndiye aliyenishikisha chuma cha lehemu nikiwa darasa la sita. Na kweli redio nilitengeneza. Redio za mawasiliano ya rubani, vipokezi vya kuelekeza ndege kwenye njia ya kutua, saa za kumwonyesha rubani yuko juu kiasi gani, nyaya zote zinazopita nyuma ya dashibodi mahali ambapo mkono unaingia na jicho haliingii. Unatafuta waya uliochubuka kwa kuupapasa kama kipofu, na waya huo ndege ikiwa baridi ni mzima, ikipata joto ndiyo unakata. Nimewahi kukaa siku nne na hitilafu moja ya namna hiyo. Nikimaliza, natia saini. Rubani anasoma saini yangu, anapanda, anaondoka na maisha yake. Hiyo siyo kazi ya kushangiliwa kwa kejeli kwenye kipaimara.

Sasa nikiipeleka saini hiyo uraiani, haina thamani hata ya kufungia vitumbua. Najua sababu, huna haja ya kunifundisha. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kifungu cha 3 unasema wazi hauhusu ndege za dola, yaani za jeshi, forodha na polisi. Ndege za abiria zina sheria zake, na anayeiruhusu ndege irudi angani baada ya matengenezo lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa leseni ya ndege nzima, viwango vya kimataifa vinataka uzoefu usiopungua miaka 4 kwenye ukaguzi na matengenezo, au 2 kama umepita mafunzo yaliyoidhinishwa, halafu mitihani. Hata Wazungu kule Ulaya, fundi aliyetoka jeshini wanamwongezea muda kwenye ndege za kiraia kwanza. Kwa hiyo sionewi peke yangu. Nimelielewa hilo kichwani. Tumboni bado.

Kwenye interviyu moja binti wa umri wa mwanangu wa kwanza aliniuliza, "Ulifanyia kazi ndege za aina gani, na mifumo ipi?" Nikamwambia mengine siwezi kuyaandika. Akasema, "Sasa sisi tutajuaje?" Swali zuri. Nilimpa mkono nikatoka. Nyumbani nilisema nafasi zimejaa.

Wenzangu niliotoka nao wameshajipanga. Mmoja anapanda minara ya simu, mwingine anatengeneza mashine za hospitali na anasema mchoro wa nyaya ni mchoro wa nyaya tu, uwe wa ndege au wa eksirei. Mimi mke amenitafutia kazi ya lifti kupitia mwenzake wa kazini, kampuni inayohudumia maghorofa ya Kariakoo na Posta. Laki tisa kwa mwezi kwa kuanzia. Nilikwenda kuangalia siku moja. Lifti imekwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, wanabishana kuhusu mota, kumbe ni swichi ya mlango imejaa vumbi haifungi mguso. Dakika ishirini. Yule bosi angeniajiri palepale. Kazi yenyewe naiweza nimefumba macho, na sisemi ni mbaya, watu wanapanda mle na watoto wao. Ila lifti inapanda na kushuka, Anti. Sijui nikuelezeje.

Nyumba yetu ipo upande ambao ndege zinapita chini kuelekea uwanja wa Nyerere. Ikipita, mazungumzo yanasimama, na mimi nainua kichwa. Mke wangu huwa ananiangalia nikiinua kichwa. Hasemi kitu.

Kuna kijana. Hili nilitaka nilipite haraka. Alikuja karakana kwangu akiwa hajui hata kushika plaizi. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga waya wa usalama, ule unaosokotwa kutoka bolti hadi bolti ili zisilegee kwa mtikisiko. Siri yake ni kwamba waya lazima uvute upande wa kukaza. Ukivuta upande wa kufungua, ni pambo tu. Siku moja alikosea, nikakata, nikamwambia rudia. Akarudia, nikakata. Mara tano, mbele ya wenzake, vidole vinamtoka damu kwa ncha za waya. Nilimwambia maneno ambayo leo siyaandiki hapa. Nilikuwa na haki. Waya ule ulikuwa umefungwa vibaya.

Kijana huyo alitoka mapema, akarudi shule, akasomea ndege za kiraia, akafanya mitihani yake, leo ana leseni na ana watu chini yake kwenye hanga, banda la kutengenezea ndege. Wiki mbili zilizopita alinipigia. "Afande, nimesikia upo mtaani. Njoo hapa kama msaidizi, mshahara mdogo, laki tatu na nusu, lakini kila kazi utakayofanya nitakusainia kwenye kitabu chako cha kumbukumbu mpaka muda utimie." Alisema afande. Miaka yote hiyo bado ananiita afande.

Sitaki kazi hiyo. Nimeshamwambia mke siitaki, na yeye ameshasema hesabu haikubali, tuna mtoto wa kidato cha tano na mwingine wa darasa la saba, na kiinua mgongo tumekiweka kwenye msingi wa nyumba ambao mpaka leo ni msingi. Ana haki, yeye ndiye aliyebaki na watoto miaka yote nikihamishwa hamishwa. Lakini mtu mwenye haki namna hiyo anachekaje? Angesema, "Mume wangu hakuwa fundi redio." Maneno matano tu. Mimi nilipokuwa kambini ndugu zake walikuwa wananiita afande mpaka kwenye simu za kuomba nauli.

Nilimuuliza Jumapili usiku. Akasema, "Nilicheka kwa sababu ulionekana una furaha, nikafurahi." Hebu niambie, hilo ni jibu? Nimeligeuza siku tatu. Kuna wakati naliamini, kuna wakati naona ananitania.

Kitu kingine, na hiki hajui. Nimenunua ovaroli. Rangi ya bluu iliyoiva, mfuko wa kalamu kwenye mkono. Nimeiacha kwa jirani anayeuza gesi, nimemwambia ni ya mpwa wangu. Na nauli ya kwenda uwanja wa ndege asubuhi nimeshaihesabu, na daladala ya saa kumi na moja na nusu najua inajaa kituo gani. Lakini nasema tena, sitaki, kwa sababu mtu mzima wa miaka 44 hawezi kuitwa msaidizi na kutumwa kuleta spana namba kumi.

Kijana anataka jibu Ijumaa. Kampuni ya lifti nayo inataka jibu Ijumaa.

Nilitaka uniambie jinsi ya kumfanya shemeji aniombe radhi mbele ya watu walewale, kwa sababu hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nadhani ndilo. Ila kuna jambo dogo ambalo sina wa kumuuliza, wenzangu watacheka na mke ndiyo kabisa. Tuseme mtu ameingia mle hanga. Tuseme kijana yule ameangalia waya niliofunga, hajaridhika, akaukata akasema rudia. Ni kazi yake, ndivyo nilivyomfundisha. Na pale mbele ya vijana wake haiwezekani yeye aendelee kuniita afande huku ananikatia waya. Sasa mimi nitamwitaje?

Jina langu usiweke. Na ukichapisha, sehemu ya spika na ethi iondoe, mama watoto anasoma ukurasa wako kila wiki, atanijua mara moja.