Kwa Atu, kuhusu yule ndege wa bwawa la Mtera

Migori, Iringa
Jumapili jioni

Atu mwenzangu, kamwene!

Za huko Rujewa, Lusajo na wadogo zake hawajambo? Huku tupo salama, upepo tu ndo umetuchosha wiki nzima, mitumbwi inachelewa kutoka na mimi nisipopata samaki asubuhi sina cha kupeleka Iringa, kwahiyo nashinda mwaloni kuliko kawaida na ndo maana leo umepata barua badala ya zile voisi zangu za dakika moja moja. Uliniuliza yule ndege niliyekutumia picha ni korongo gani na kwanini nimemng'ang'ania hivo. Nikasema ntakujibu vizuri, basi kaa chini maana ni ndefu.

Kwanza sisi kila ndege mwenye miguu mirefu kwetu ni korongo tu. Ila mwangalie akiruka. Korongo mwenyewe ananyoosha shingo mbele imenyooka kama mkuki, huyu anaikunja kichwa kinarudi mpaka mabegani, na hiyo ni ya ukoo wao wote mpaka yangeyange weupe wanaofuata ng'ombe huko kwenye majaruba yenu. Wengine ukoo huu wanauita koikoi. Huyu wangu sasa ndo mkubwa kuliko wote wa ukoo huo duniani, wataalamu wamempa jina Ardea goliath, ni yule yule Goliathi aliyepigana na Daudi, na jina limemkaa kabisa. Akisimama anakaribia mita moja na nusu, yani anamzidi hata Lusajo wako, mabawa akiyatanua yanafika mita mbili na zaidi, alafu uzito kilo 4 au 5 tu! Yule wa kijivu tuliyemzoea kwenye mifereji akisimama karibu yake utadhani ni kifaranga chake. Kichwa na shingo rangi ya tofali la kuchoma, mgongo kijivu, shingo kwa mbele ina michirizi myeusi, miguu myeusi.

Sasa kilichonishika mimi ni anavyovua. Atu, nimekaa na wavuvi miaka tisa, sijaona mvuvi kama huyu. Jumanne nilimkuta saa moja asubuhi kasimama majini upande wa ile miti mikavu, ile iliyobaki imesimama ndani ya maji tangu bwawa lijae, unaikumbuka ulivyopita na basi la Dodoma. Anaingia kina kirefu kuliko ndege wenzake kwasababu miguu inamruhusu, maji yanamfika karibu na tumbo, af anaganda. Hatikisiki. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita, visamaki vidogo vinampita miguuni naviona hata mimi toka ukingoni na yeye havigusi. Yeye anamsubiri mkubwa, samaki wa nusu kilo hivi na zaidi, na wawili watatu wa hivo wakipatikana siku yake imeisha. Wenzake wadogo wanadonoa donoa kutwa nzima, yeye ameweka maisha yake yote kwenye hao wawili watatu. Kwenye saa nne kasoro nikaona shingo imeondoka, sikuona ikienda, niliona tu imesharudi na kambale amechomwa amening'inia kwenye mdomo.

Hapo ndo kuna shida yake. Samaki mkubwa hamezeki haraka haraka, inabidi amtoe nje au amlaze juu ya majani yanayoelea, amtulize, amgeuze kichwa kitangulie ndo ammeze mzima. Muda wote huo furukombe, yule tai anayekula samaki, yuko juu ya mti anaangalia. Na Jumanne alikuja. Alishuka mara moja tu, yule ndege mkubwa akapiga ukelele mzito kama mbwa anayebweka ndani ya pipa, akaachia, furukombe akaondoka na kambale. Masaa matatu ya kusimama, Atu. Nilikuwa na ndoo yangu mkononi nikajikuta nimeikalia chini, roho iliniuma kama vile kimeibiwa kitu changu. Na yeye unajua alifanya nini, alirudi majini sehemu ile ile, akasimama tena. Mimi gari la mizigo lilishaanza kupiga honi nikaondoka sijui kama alipata mwingine.

Kitu kingine nilichokipenda, we unajua ute wa kambale unavyoganda mkononi, tunasugua na majivu ndo unatoka. Hawa ndege nao wana majivu yao! Kifuani kuna manyoya laini yanayosagika yenyewe yanakuwa unga, anajipaka ule unga kwenye manyoya yaliyoshika ute, alafu kucha ya kidole cha kati ina meno meno kama kitana, anachana uchafu wote unatoka. Mungu alimfikiria kabisa mtu wa kushika samaki.

Kiota wamejenga kwenye mti mmoja mkavu huko katikati, fito zimerundikwa tu. Anakaa peke yake au na mwenzie, hapendi makundi kama wale wengine. Mayai ni ya bluu iliyopauka, mara nyingi matatu, baba na mama wanapokezana kuyalalia karibu mwezi mzima, na watoto wanakaa kiotani wiki tano sita wakitapikiwa samaki. Kuna vijana walitaka kupanda kuchukua mayai, mzee mmoja wa mitumbwi aliwakatalia, akawaambia mkitoa hayo mwaka huu msitegemee mengine, na amesema kweli maana mwaka ambao maji si mazuri hawa wanaweza wasizae kabisa. Nilimpelekea yule mzee sukari kilo mbili kumshukuru, akashangaa.

Na hapo kwenye maji ndo nakuja kwako. Maji ya Mtera si ya Mtera. Mengi ni ya kwenu. Yanashuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere kwa mito ya Kimani, Chimala, Mbarali, yanakusanyika bonde la Usangu, yanatuama kwenye kinamasi cha Ihefu, yanatokea pale Ng'iriama, yanapita hifadhi ya Ruaha ndo yanakuja mpaka huku. Mwaka 1980 walivyomaliza hili bwawa hakuna aliyefikiri mto Ruaha utakuja kukatika, lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kila kiangazi unakauka ndani ya hifadhi, viboko wanabaki kwenye vidimbwi vya tope. Ndege huyu anahitaji maji yenye samaki wakubwa, na samaki mkubwa hakui kwenye kidimbwi cha miezi minne. Mimi na yeye tunakula sehemu moja Atu, bwawa likirudi nyuma yeye anahama na mimi ndoo inarudi tupu.

Sisemi msilime. Mchele ninaokula ni wa Mbarali, ada ya Lusajo inatoka kwenye mpunga huo huo, najua. Ila nilivyokuja kwenu ule mwezi wa nane mpunga ulishavunwa, na maji bado yalikuwa yanakimbia kwenye mfereji yanamwagika shambani kwenye mabua, watu wamezoea tu. Wewe ni katibu wa wakulima pale, na wanakusikiliza. Kwenye kikao kijacho naomba ulisimamie hili moja, mkishavuna banio la kuingiza maji mferejini lifungwe, maji yarudi mtoni. Ukitaka nije niseme mwenyewe ntakuja, gunia la dagaa nalibeba.

Na ukipita darajani wiki hii angalia kama maji yanatembea au yamesimama, unipigie. Usitume meseji, piga, nataka kusikia.

Msalimie mama, mwambie ule ukili nimeshaupata.

Wako,
Upendo