Filamu ya Up ni ya kurudiwa

Mhariri,

Nawaomba wazazi wenzangu wasiiweke kando filamu ya katuni ya Up (2009), ya Pete Docter, eti kwa kuwa watoto wamekwisha kuiona. Wanangu husubiri nyumba ipae kwa maputo. Mimi, tangu nifiwe na mume wangu, nasubiri ile chupa ya akiba.

Carl na mkewe Ellie wanadunduliza sarafu za safari ya Amerika Kusini. Mara tairi linapasuka, mara mguu unavunjika, mara mti unaangukia paa, na kila mara chupa inavunjwa. Hakuna anayetamka neno. Ni muziki tu wa Michael Giacchino, uliompatia Oscar. Nilipoirudia ndipo nikaona jinsi Ellie anavyomfunga Carl tai, miaka nenda miaka rudi, hadi nywele zao zikawa nyeupe.

Na yule mtoto Russell, anayejikuta safarini na Carl! Anasimulia alivyozoea kukaa na baba yake kando ya barabara, wakila aiskrimu na kuhesabu magari. Zamani binti yangu hakupajali hapo. Sasa ana miaka 13, na juzi aliomba turudishe nyuma tupasikilize tena.

Iwekeni tena, na mkae nao mwanzo hadi mwisho.

Mama wa watoto wawili